Muvi Nane Kwa DVD Moja? Hii Ndio Sababu Picha Hukuwa Uji, na Venye Utapanga Yako Ikae Fiti

Ushawahi nunua ile DVD ya muvi nane kwa moja? Kava iko moto, masteringi wote wamepangwa mbele na bunduki, bei ni ya kutupa. Halafu unaiweka kwa deki, unakaa na mbogi yako, na sura ya steringi inakuwa vibokisi. Moshi wa bomu unakaa kama mawe ya kujengea yanatembea. Akiingia kwa giza ndio humwoni kabisa, ni madoa ya kijivu tu yanacheza kwa skrini.

Wasee wengi husema hiyo ni diski feki ama deki imezeeka. Zi. Mara nyingi diski iko sawa na deki iko sawa. Kilichokufa ni hesabu, na ilikufa kabla hata diski haijachomwa.

Na usidhani hii stori ni ya wauza muvi peke yao. Mtaani kuna vijana wengi wanaomoka na kamera: harusi, ruracio, matanga, gradu, muvi fupi za wasanii wa mtaa. Mteja wa Nairobi atataka linki atume kwa simu. Lakini mamake ako ushago, ako na TV na deki ya DVD chini yake, intaneti ni ya kuomba, na anachotaka ni diski aweke, akae, aone. Muvi ya Hollywood ikiharibika utaipata kwingine. Harusi ikiharibika, hakuna bibi harusi atarudi kutembea kanisani ndio urudie kazi.

Poa ni kwamba hesabu yenyewe ni ya darasa la nne. Ukiishika mara moja, hutawahi tena kubahatisha.

DISKI NI PAKITI YA UNGA, DAKIKA NI MAJI

DVD ya kawaida, ile ya leya moja, inabeba GB 4.7. Kuna ingine ya leya mbili inabeba GB 8.5. Hapa kuna mtego wa kwanza. Hiyo 4.7 imehesabiwa kwa baiti bilioni, lakini Windows huhesabu kwa 1,024, so diski hiyo hiyo kwa kompyuta itakuonyesha kama 4.38. Hakuna mtu amekuibia. Jua tu kwamba faili yenye Windows inasema ni GB 4.5 haitaingia, hata kama kava imeandikwa 4.7 kwa herufi kubwa.

Hicho kiasi hakibadiliki. Chukulia diski kama pakiti moja ya unga. Ukiweka maji kidogo unapata ugali wa kushika. Ukiongeza maji unapata uji. Ukizidi kuongeza unapata maji yenye rangi ya uji. Unga ni ule ule, sufuria ni ile ile. Kwa DVD, maji ni dakika. Kila dakika unaongeza inakula kutoka kwa zingine zote.

Hicho kipimo cha uzito wa ugali kinaitwa bitireti: ni data kiasi gani inatumika kuchora kila sekunde ya video. Hupimwa kwa megabiti kwa sekunde. Ikiwa juu, picha inabeba vitu vidogo vidogo kama majani, nywele, urembo wa gauni. Ikiwa chini, programu inaanza kuunganisha vitu ndio ibane, na hapo ndio vibokisi huzaliwa. Na juu kuna kikomo pia: kwa DVD, picha hairuhusiwi kupita megabiti 9.8 kwa sekunde. Ukipitisha, deki inaeza kukwama ama kukataa diski kabisa.

SHIKA NAMBA MOJA: 600

Chukua 600, gawa kwa idadi ya dakika. Jibu ndio bitireti yako yote, picha pamoja na sauti, kwa diski ya GB 4.7.

Hiyo 600 haijatoka hewani. GB 4.7 ni biti bilioni 37.6. Toa kidogo ya menyu na vitu zenye diski inahitaji ndani yake, ubaki na bilioni 36, yaani megabiti 36,000. Gawa kwa sekunde 60 za dakika moja, unapata 600. Cheki venye inatokea:

Dakika 60: 10. Hii inapita kikomo, so weka 8 hivi na ubaki na nafasi.
Dakika 90: 6.7. Safi kabisa.
Dakika 120: 5. Fiti, wengi hawataona shida.
Dakika 180: 3.3. Hapa scini za fujo zinaanza kulia.
Dakika 240: 2.5. Ngori, labda upunguze pikseli.
Dakika 800, yaani muvi nane za dakika mia moja kila moja: 0.75.

Hiyo namba ya mwisho iangalie tena. VCD, ile ya kitambo yenye Riverwood pale River Road iliuzia watu komedi na muvi za lugha za nyumbani, ilitumia megabiti 1.15 kwa picha, na skrini yake ilikuwa ndogo, pikseli 352 kwa 288. Ndio maana muvi ndefu ilikuja na diski mbili na ulilazimika kuinuka kubadilisha stori ikiwa tamu. Sasa mtu akibana muvi nane kwa DVD moja ya kawaida, kila moja inapata unga mdogo kuliko VCD. Kava haiwezi kubadilisha hiyo.

Ukitumia diski ya leya mbili, badala ya 600 weka 1,080. Masaa matatu yanakupa 6 hapo. Shida ni kwamba diski za leya mbili ni ghali zaidi, si kila duka huziweka, na deki zingine za zamani huzikataa. Jaribu moja kwanza kabla ununue boksi mzima.

"LAKINI MUVI YANGU NI GB 1.4 NA IKO CLEAR!"

Hili swali huwachanganya wengi. Una muvi ya GB 1.4 kwa kompyuta, imetulia vipoa. Unaigeuza kuwa DVD, inafura hadi GB 4, na bado haijapendeza kushinda ile ya kwanza. Kwani nini?

Sababu ni lugha. DVD hutumia MPEG-2, mtambo wa kubana video wa miaka ya 90. Faili nyingi za siku hizi zinatumia H.264, iliyotoka 2003, na hiyo hubana vizuri zaidi: kwa karibu nusu ya data inakupa picha ya kiwango kile kile. So ukihamisha video kutoka H.264 kwenda MPEG-2, lazima uongeze nafasi ndio tu ubaki pale pale ulikuwa.

Na kila ukigeuza, kuna kitu kinapotea. Hakuna kitu kinaongezeka. Ukimwaga lita moja ya maziwa kwa mtungi wa lita tano, hujapata lita tano za maziwa. Klipu ya WhatsApp iliyobanwa mara tatu ikipita kwa makundi ya familia haitaoshwa na DVD, hata ukiipea diski nzima peke yake. Kama una nafasi ya kuchagua, omba faili ya kwanza kutoka kwa kamera ama simu iliyoshuti.

Halafu kuna pikseli. DVD ya kwetu, ile ya PAL, ni 720 kwa 576. Video ya 1080p iko na pikseli mara tano ya hizo. Kwa hivyo mteja akiuliza kwa nini diski haiko kama ile aliona kwa laptopu yako, mwambie ukweli mapema: DVD haina HD, hata uifanyie nini. Ni afadhali asikie hiyo kwako kabla ya kulipa kuliko kwa binamu yake baada ya kulipa.

SAUTI HUIBA KIMYA KIMYA

Watu hupigana na picha na kusahau sauti. Sauti ghafi, ile haijabanwa, inayoitwa PCM, hula megabiti 1.5 kwa sekunde. Kwa video ya masaa mawili hiyo ni karibu GB 1.4. Karibu theluthi ya diski imeenda na mteja hajaona kitu.

Badilisha iwe AC3 ya kilobiti 192, na masaa hayo mawili ya sauti yanashuka hadi MB 173 hivi. Kwa TV ya nyumbani na spika zake, kwa hotuba za wazee na nyimbo za kwaya, wengi hawatasikia tofauti. Lakini kwa picha utaona, juu umerudishia picha zaidi ya megabiti moja kwa kila sekunde. Kama ni tamasha la muziki, panda hadi 256 au 320, bado uko mbali sana na 1.5.

Menyu pia. Ile menyu yenye video inacheza nyuma na wimbo mzima wa mapenzi inakula nafasi. Picha moja imetulia na vitufe vinne inatosha.

DAKIKA ZOTE HAZIKULI SAWA

Pasta akihubiri, nyuma ni ukuta na hakuna kitu kinatembea, hiyo scini inashibishwa na megabiti 2 au 3. Sasa wageni wakianza kudensi, mataa ya rangi yanazunguka, karatasi za kumetameta zinarushwa hewani, na cameraman mwenyewe anatingika? Hapo kila kitu kinabadilika kila sekunde. Data inatakikana mara mbili, mara tatu. Maji, mvua, majani kwa upepo na vumbi ni vile vile.

Giza nalo ni mwizi. Ukishuti usiku bila taa, kamera inaweka chengachenga kwa picha, na programu inadhani hizo chenga ni kitu cha maana. Inazihifadhi kwa bidii, inamaliza unga kwa takataka. Taa moja ya maana wakati wa kushuti itakuokolea nafasi kuliko ujanja wowote baadaye. Na utumie traipodi. Kamera ikitulia, data inatulia.

Ndio maana usiweke bitireti moja mwanzo hadi mwisho kama video yako ni ndefu. Tafuta mpangilio wa bitireti inayobadilika, na uchague pasi mbili. Pasi ya kwanza programu inapitia video yote ikiangalia wapi kuna fujo na wapi kumetulia. Pasi ya pili ndio inagawa: inamnyima pasta kidogo, inaongezea wachezaji. Itachukua muda karibu mara mbili, so iwache usiku ikijifanyia kazi. Kwa video ya saa moja haina maana sana, kwa ya masaa mawili na kuendelea inaokoa.

TUPIGE MFANO: HARUSI YA MASAA MATATU NA DAKIKA ISHIRINI

Umemaliza kuediti. Ni dakika 200, faili ya 1080p yenye GB 18. Mteja anasema, "Weka yote kwa diski moja." Fanya hesabu: 600 gawa kwa 200 ni 3. Toa sauti ya 0.2, picha inabaki na 2.8. Kanisani itapita. Densi itakuwa uji, na densi ndio watu hurudia kuangalia.

Una njia nne.

Ya kwanza, diski mbili. Kanisa na msafara kwa moja, hoteli na densi kwa ingine, dakika mia mia. Kila moja inapata 6. Gharama yako ni diski moja tupu zaidi na kava ya kubeba mbili. Kwa kazi ya harusi, hii ndio njia ya kwanza kuwaza.

Ya pili, kata. Je, kuna mtu anahitaji dakika 40 za magari kwa jam? Punguza hadi dakika 120, unapata 5, na video yenyewe inakuwa tamu zaidi. Uliza mteja nini hataki kikatwe, halafu ukate zile zingine. Hotuba ya babu usiguse.

Ya tatu, diski ya leya mbili. 1,080 gawa kwa 200 ni 5.4. Poa sana, bora uwe umejaribu deki ya nyumbani kwao.

Ya nne, punguza pikseli. DVD inaruhusu pia 352 kwa 576, yaani nusu ya upana. Picha itakuwa laini kidogo, haitakuwa kali, lakini vibokisi vitapungua sana juu kuna pikseli chache za kulisha. Chini ya megabiti 3, picha laini inashinda picha ya matofali. Kwa rekodi ndefu za semina ama mkutano wa chama, hii inafaa.

Kabla uchague, fanya jaribio la dakika mbili. Chukua scini mbaya kushinda zote, ile ya densi na giza, igeuze kwa bitireti umepata, choma kwa DVD ya kufutika, uiangalie kwa TV halisi. Kama hiyo imepita, zingine zote zitapita. Usiangalie kwa skrini ndogo ya laptopu ukasema iko sawa, TV ya inchi 43 haina huruma.

PROGRAMU NA KUCHOMA

HandBrake inajulikana sana, lakini haitengenezi DVD ya deki. Hiyo ni ya kutoa faili kama MP4 na MKV. Kwa DVD yenye menyu jaribu DVDStyler, ni ya bure na inafanya kwa Windows, Mac na Linux. Programu nyingi za aina hii hukuhesabia bitireti zenyewe ndio video itoshee. Hapo ndio mtego: ukiweka masaa sita, itatoshea bila kukuuliza, na utapata uji. Piga hesabu yako kwanza, halafu ulinganishe na yenye programu inasema.

Chagua PAL na fremu 25. Kama kamera yako inaruhusu, shuti kwa 25 toka mwanzo, juu ukishuti kwa 30 kisha ugeuze, mwendo unakuwa wa kushtuka shtuka. Hakikisha pia umeweka 16:9 kama video ni pana, la sivyo bwana harusi atatokea mwembamba kama mlingoti.

Ukichoma, usikimbize. Speed ya 4 au 8 ni salama kuliko ya mwisho kabisa, na weka tiki pale programu inasema itahakiki diski ikimaliza. Andika jina kwa kalamu laini ya diski. Usibandike karatasi, ikikauka vibaya diski inayumba ndani ya deki.

Halafu kuna njia ingine: kuweka faili tupu kwa diski kama vile unaweka kwa fleshi. Hivyo ndio diski nyingi za muvi kumi kwa moja hutengenezwa. Hazigeuzwi kuwa DVD ya kawaida, ni faili za AVI zimebanwa. Zinaingia nyingi, lakini deki lazima iwe inazisoma. Tafuta alama ya DivX mbele yake. Deki nyingi za zamani hazijui H.264, so MP4 ya simu itakupa sauti bila picha ama ile meseji ya kukataa. Kama deki ya mzee iko na shimo la USB, sheria ni hiyo hiyo.

KITU CHA MWISHO KABLA UBONYEZE "CHOMA"

Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya 2001 inalinda muvi za watu. Kazi uliyoshuti mwenyewe ama uliyopewa ruhusa, choma hadi uchoke. Muvi ya mtu mwingine ukiichoma uuze bila ruhusa, unaeza kujipata kortini, na hakuna bitireti itakutetea.

Na usifute ile GB 18. DVD ni kopi ya kuangalia, si ya kuhifadhi. Diski za kuchoma hukwaruzwa na watoto, huachwa kwa dashibodi ya gari juani, na zingine huanza kukataa kusoma baada ya miaka kadhaa. Picha ikishashuka hadi 720 kwa 576, huwezi kuirudisha 1080p. Weka faili kubwa kwa hadi diski mbili tofauti, mpe mteja moja ukiweza, na umwambie aitunze kama cheti cha ndoa. Ukihamisha kwa fleshi na ikatae faili iliyozidi GB 4, hiyo fleshi ni ya FAT32. Ifomati kwa exFAT, na ukumbuke kutoa vitu vyako kwanza.

Kwa hivyo msee akija na fleshi imejaa akuambie ubane kila kitu kwa diski moja, usibishane. Muulize ni dakika ngapi, toa kalkuleta ya simu, gawa 600, na umuonyeshe jibu. Halafu muulize kama anataka ugali ama uji.